Foleni ya darajani: kwa nini magari yanakwama wakati mbele hakuna kitu

Ukitaka kuona madereva wasiojuana wakikubaliana, wasubiri upande wa pili wa daraja. Kila anayevuka anauliza swali lilelile: sasa ile foleni ilikuwa ya nini? Hakuna ajali, hakuna gari lililoharibika, hakuna askari aliyesimamisha watu. Umesogea kwa gia ya kwanza dakika 40, umefika darajani, umevuka, na ghafla barabara nyeupe. Hapo ndipo kila mtu anakuwa mtaalamu. Huyu anamlaumu mshamba mmoja aliyekuwa mbele akishangaa maji. Yule anasema wahandisi walijenga daraja jembamba. Mwingine analaumu tozo, hata pale ambapo tozo haipo.

Kila lawama ina punje yake ya ukweli. Lakini zote zinaruka jambo moja la msingi: ili foleni izaliwe darajani, si lazima mtu yeyote asimame. Inatosha kila dereva apunguze mwendo kidogo, kiasi ambacho yeye mwenyewe hajui kama amepunguza.

Hebu kwanza tuwekane sawa kwenye maneno matatu. Pengo ni muda unaopita kati ya gari moja kufika mahali fulani na gari la nyuma yake kufika hapohapo. Tunalipima kwa sekunde, si kwa mita. Uwezo ni idadi kubwa kabisa ya magari yanayoweza kupita mahali hapo kwa saa, kwenye njia moja. Mahitaji ni idadi ya magari yanayofika yakitaka kupita. Mahitaji yakiwa chini ya uwezo, watu wanapita bila shida. Yakizidi, hata kwa gari moja tu kila baada ya dakika chache, foleni imeanza. Na barabara nzima haina uwezo mmoja: kila kipande kina wake, na safari yote inatawaliwa na kile kilicho dhaifu kuliko vyote. Mara nyingi kipande hicho ni daraja.

Sasa tupige hesabu, maana humu ndimo siri ilimo.

Saa moja ina sekunde 3,600. Kila dereva akiacha pengo la sekunde 2, njia moja inapitisha magari 1,800 kwa saa. (Kwenye barabara kuu iliyojengwa vizuri madereva hukaribiana zaidi, na uwezo unaweza kufika karibu magari 2,400. Nimechukua 1,800 kwa sababu hesabu yake ni nyepesi.) Magari yanafika darajani, na pale kila dereva anaachia mafuta kidogo tu, pengo linakuwa sekunde 2.2. Sehemu mbili za kumi za sekunde. Huwezi kumshtaki mtu kwa hilo, na wala hatakuelewa ukimshtaki. Lakini gawanya 3,600 kwa 2.2 uone: daraja sasa linapitisha magari 1,636.

Tuseme ni asubuhi na kwenye njia hiyo yanafika magari 1,750 kwa saa. Barabara ya kabla ya daraja inayamudu bila wasiwasi. Daraja haliyamudu. Kila saa yanabaki magari 114. Baada ya saa 2 yamebaki 228, na hata ukiyapanga kwa mita 10 kila moja, mkia umeshapita kilomita 2. Foleni ya kilomita 2 imetokana na sehemu mbili za kumi za sekunde.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali la pili linalowakera watu: mbona saa za kwenda kazini zimekwisha na foleni bado ipo? Mahitaji yakishuka hadi magari 1,500 kwa saa, daraja linaanza kupitisha 136 zaidi ya yanayoingia. Yale 228 yaliyorundikana yatachukua saa 1 na dakika 40 hivi kumalizika. Anayefika katikati ya muda huo anajiunga na foleni ambayo chanzo chake kilishapita zamani, na hana namna ya kukiona.

Kuhusu barabara nyeupe ya upande wa pili, fikiria mstari wa watu wanaopokezana ndoo za maji kuzima moto. Mmoja katikati akichelewa kidogo kupokea, walio nyuma yake wanajaziwa ndoo, na walio mbele yake wanabaki mikono mitupu wakingoja. Uwazi ulio mbele ndio dalili kwamba mchelewaji yuko nyuma yao. Kwa hiyo ukivuka daraja ukakuta hakuna magari, usihitimishe kwamba foleni haikuwa na sababu. Sababu umetoka kuipita, na wewe ulikuwa sehemu yake.

Mguu uleule, mwendo tofauti

Lakini kwa nini watu wapunguze mwendo darajani na si kwenye kipande kingine chochote cha lami?

Sababu ninayoona inadharauliwa kuliko zote ni mlima. Daraja linalovuka mto mpana au ghuba kwa kawaida linapanda, kwa sababu chini yake lazima meli zipite. Mwinuko wenyewe ni mdogo, na mara nyingi macho hayauoni: unaona njia ndefu iliyonyooka, unaona anga. Mguu wako unakanyaga mafuta kwa kiasi kilekile cha tambarare, na gari linafanya linalofanya kila gari likianza kupanda, linapungua. Ulikuwa 80, sasa 72. Hukugusa breki. Ukiulizwa utaapa kwamba hukupunguza, na utakuwa unasema kweli kwa unavyojua.

Wajapani wamelifuatilia jambo hili kwa karibu. Kwenye barabara zao kuu, sehemu kubwa ya foleni huanzia pale mteremko unapogeuka kuwa mwinuko wa taratibu. Ndiyo maana utakuta mabango yanayomwambia dereva kwamba hapa kuna mwinuko, angalia mwendo wako usipungue. Sehemu nyingine wameweka taa ndogo ukingoni zinazowaka kwa kufuatana kuelekea mbele, kama zinakimbia, ili jicho la dereva lizifuate na mguu ufuate jicho.

Lori hapa lina hesabu yake. Gari dogo likipoteza kilomita 8, lori lililopakia linaweza kupoteza 30 kwenye mwinuko huohuo. Walio nyuma yake wanataka kumpita, wanahamia njia ya pembeni, na wa njia hiyo wanakanyaga breki kuwapisha. Lori moja limepunguza njia mbili.

Kisha kuna kingo. Barabara ya kawaida ina bega, ile nafasi ya pembeni ambapo gari bovu linaweza kukaa. Kujenga bega juu ya maji ni ghali, na madaraja mengi ya zamani hayana kabisa: mstari wa njia, halafu uzio, halafu hewa. Dereva haambiwi na mtu, lakini anasogea katikati na kulegeza mafuta. Wahandisi wa Marekani wanalijumuisha hili kwenye hesabu zao za barabara kuu: kizuizi kikiwa karibu zaidi ya takribani mita 1.8 kutoka ukingo wa njia, wanakadiria kwamba mwendo wa kawaida wa magari utashuka. Upana wa lami haujabadilika hata sentimita moja. Kilichobadilika ni kinachoonekana pembeni ya jicho.

Kukosekana kwa bega kuna ubaya mwingine ulio wazi zaidi. Gari likipasuka tairi kwenye barabara ya kawaida linasukumwa pembeni. Darajani linabaki palepale katikati ya njia hadi gari la kuvuta lifike, nalo linakuja kupitia foleni hiyohiyo. Ndiyo maana wasimamizi wengi wa madaraja makubwa huweka magari ya kuvuta karibu kabisa na daraja.

Ongeza kilele cha daraja, ambako huoni kilichopo upande wa pili hadi ufike, na dereva mwenye akili hapo hupunguza. Ongeza maungio ya vyuma yanayoruhusu daraja litanuke na kusinyaa kwa joto na baridi, yanayopiga tairi "ka-dunk", na anayeyasikia mara ya kwanza anagusa breki. Ongeza upepo wa ubavuni unaolisukuma gari la juu ghafla linapotoka kwenye kinga ya majengo na miti. Hakuna hata moja kati ya haya lenye uzito wa kusimamisha magari. Yakijumlishwa, zile sehemu mbili za kumi za sekunde tunazo, na zaidi.

Woga nao usidharauliwe. Daraja la ghuba ya Chesapeake, jimbo la Maryland nchini Marekani, lilifunguliwa mwaka 1952, lina urefu wa karibu kilomita 7, linapinda, linapaa juu sana, na halina bega. Wapo watu wasioweza kabisa kulivuka wakiwa kwenye usukani, hata ikazuka biashara ya madereva wa kukodi wanaokuvusha kwa gari lako mwenyewe huku wewe umekaa pembeni umefumba macho ukipenda. Kwenye daraja la Mackinac, jimbo la Michigan, wasimamizi wenyewe wanatoa huduma ya kuwaendeshea wenye hofu. Sasa, kwa kila mmoja anayekiri na kuomba msaada, jiulize ni wangapi wanaojikaza, wanashika usukani kwa mikono miwili na kuvuka kwa kilomita 50.

Na upande wa pili wa woga ni kustaajabu. Daraja la Millau kusini mwa Ufaransa, lililofunguliwa mwaka 2004, lina nguzo ambayo ncha yake iko mita 343 kutoka chini. Kwenye barabara hiyo mwendo ulioruhusiwa ulikuwa kilomita 130 kwa saa. Juu ya daraja ilibidi ushushwe hadi 110, kwa kuwa watu walikuwa wanapunguza wenyewe wapige picha, na wengine wanasimama kabisa begani kutazama bonde. Kwa hiyo yule "mshamba anayeshangaa" yupo kweli. Ila hata wote wakiacha kushangaa, mlima na uzio vinabaki.

Foleni inaanzia mdomoni

Mpaka hapa tumezungumzia daraja lenyewe. Ukweli ni kwamba madaraja mengi yanabanwa kabla gari halijakanyaga daraja. Mito na ghuba haina njia za mkato. Barabara tano au kumi zinazotoka mitaa tofauti zinakuja kukutana mahali pamoja, na njia zinazoingia ni nyingi kuliko zinazovuka. Hapo mbano haukwepeki, na namna watu wanavyoingia ndiyo inayoamua hali itakuwa mbaya kiasi gani.

Mfano mzuri ni daraja la San Francisco na Oakland huko California. Upande wa Oakland, njia takribani 20 za tozo zinabanwa kuwa 5 za darajani. Watu walidhani kero ni kulipa pesa dirishani. Mwaka 2020 wakusanyaji wa tozo waliondolewa na malipo yakawa ya kielektroniki. Foleni za asubuhi hazikuondoka, kwa kuwa 20 bado zinaingia kwenye 5. Kinachosaidia pale ni taa zilizowekwa baada ya tozo tangu miaka ya 1970, zinazoruhusu magari kuingia kwa zamu, machache machache. Dereva anayesimamishwa na taa hizo anaona anacheleweshwa. Kumbe asingesimamishwa hapo, angesimama juu ya daraja, tena kwa muda mrefu zaidi.

Hili linapingana na akili ya kawaida, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Ukizuia magari kuingia, utapitisha mengi zaidi? Ndiyo, inawezekana. Karibu na mwaka 1960, wahandisi wa mamlaka ya bandari ya New York walijaribu kwenye njia ya chini ya mto ya Holland Tunnel, ambayo tabia zake ni za daraja lililogeuzwa: mteremko, kisha mwinuko, kuta karibu, hakuna bega. Badala ya kuacha magari yaingie yanavyotaka, waliyakata kwa makundi na kuacha nafasi tupu katikati. Magari yaliyotoka upande wa pili kwa saa yakaongezeka.

Sababu ni kwamba magari yakishabanana hadi kufikia kusimama na kuondoka, uwezo wenyewe unashuka. Gari lililosimama halianzi kutembea sekunde ileile la mbele yake linapoanza: dereva anatazama, anaachia breki, anakanyaga mafuta, na gari linahitaji muda kushika kasi. Mapengo yanakuwa makubwa. Daraja lililokuwa likipitisha magari 1,636 likienda vizuri linaweza kupitisha asilimia kadhaa pungufu likishakuwa na foleni, wakati mwingine zaidi ya 10. Foleni ikishazaliwa, inajilisha.

Wimbi linalorudi nyuma

Kuna kitu kingine kinachotokea ambacho ukiwa ndani ya gari huwezi kukiona. Dereva mmoja anagusa breki kidogo. Wa nyuma yake anaona taa nyekundu, anachelewa nusu sekunde, kwa hiyo inabidi akanyage zaidi. Wa tatu anakanyaga zaidi ya wa pili. Ukifika gari la ishirini, mtu amesimama kabisa. Kusimama huko kunasafiri kurudi nyuma, kinyume na magari yanakokwenda, kwa kilomita 15 hadi 20 kwa saa. Ndiyo maana unaweza kusimama kilomita 3 kabla ya daraja kwa sababu ya breki iliyoguswa karibu dakika 10 zilizopita na mtu ambaye sasa ameshafika kazini.

Mwaka 2008 watafiti wa Japani wakiongozwa na Yuki Sugiyama walichapisha jaribio lililoonyesha hili kwa macho. Waliweka magari 22 kwenye duara la mita 230 na kuwaambia madereva waende kwa mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa, kila mtu amfuate aliye mbele yake. Hakukuwa na daraja, taa wala kona kali. Kwa muda mfupi walienda sawasawa. Kisha tofauti ndogondogo za mwendo zikaanza kukua, na baadhi ya magari yakasimama kabisa huku wimbi likizunguka duara kwa kurudi nyuma. Ikiwa foleni inaweza kuzaliwa kwenye duara tupu, mahali penye mwinuko, uzio na upepo haihitaji kuombwa.

Tukirudi kwenye lawama za mwanzo, basi, daraja kuwa jembamba ni kweli mara chache kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi lina idadi ileile ya njia na barabara inayoliingia. Kulipanua kunasaidia tu kama mbano uko juu yake. Ukiwa mdomoni, au kwenye taa za barabarani baada ya kushuka, utakuwa umejenga sehemu pana zaidi ya kusubiria.

Hofu kwamba foleni inaweza kulivunja daraja nayo inazunguka sana, hasa kwa watu waliosimama katikati wakahisi linatikisika. Linatikisika kweli, na limeundwa litikisike. Unahisi kwa kuwa umesimama. Ukiwa mwendoni gari lako lenyewe linaficha mtikisiko. Na kwa madaraja marefu, hali ya magari yaliyobanana kila njia ni miongoni mwa mizigo ya kwanza ambayo mhandisi huihesabu anapochora.

Kuchomekea kunahitaji ufafanuzi kidogo. Njia mbili zinapokuwa moja, anayebaki kwenye njia inayokwisha hadi mwisho kisha akaingia kwa zamu, gari moja huku na moja kule, hajamwibia mtu, na kwa kweli anatumia barabara ipasavyo. Anayeharibu ni anayehama kutoka njia hadi njia mita chache chache akitafuta inayotembea, na anayetanua kwenye vumbi la pembeni halafu akajipenyeza kwa nguvu mdomoni mwa daraja. Kila kujipenyeza ni breki ya mtu, na kila breki ni wimbi.

Na wewe mmoja kwenye usukani unaweza kufanya nini? Kidogo, lakini si sifuri. Unapoanza kupanda daraja tupia jicho kwenye mshale wa spidi na uongeze mafuta kurudisha ulichopoteza. Ndani ya foleni acha nafasi mbele yako, uviringike taratibu badala ya kukimbilia taa za breki za mwenzako kisha kusimama. Watafiti wa Marekani walirudia jaribio la duara huko Arizona wakiwa na magari zaidi ya 20, na katika hayo moja tu likiongozwa na kompyuta iliyofundishwa kwenda kwa mwendo tulivu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha gari hilo moja likiyalainisha mawimbi ya wote, na mafuta yanayoteketea yakipungua sana. Halikuongeza njia hata moja. Kwa hiyo magari 1,750 yakiendelea kuja kwenye daraja linalopitisha 1,636, utulivu wako utaondoa kusimama na kuondoka, utapunguza uwezekano wa kugongwa kwa nyuma, na utaokoa mafuta. Yale 114 ya ziada yanabaki kazi ya wanaopanga barabara, na ya wale wanaoweza kuondoka nyumbani saa nyingine.